Tuitembelee Bustani Yetu Kabla Haijatutoka

Mgeni akifika Dar es Salaam akauliza njia, atajibiwa kwa majina ya miti. Ataambiwa ashuke Mnazi Mmoja, au apite Mkwajuni, au avuke Mwembechai. Na kama aendako ni mbali zaidi atatajiwa Mikocheni, au Mivinjeni, au Mwembe Yanga. Wazee waliotutangulia waliujua mji huu kwa miti yake. Mti ndio uliokuwa alama ya njia, ndio uliokuwa baraza ya mashauri, ndio uliokuwa kivuli cha soko. Leo majina yamebaki, lakini miti yenyewe mahali pengi haipo tena. Kijana aliyezaliwa Mikocheni, ukimwuliza mkoche ni mti wa namna gani, atakutumbulia macho.

Hatusemi haya kwa kumcheka kijana huyo. Mwandishi wa maneno haya alisoma katika shule ya misheni, ambako kila mtoto alipewa mti wake wa kuumwagilia maji na kuutunza, na jina la mti huo alipaswa kulijua kama ajuavyo jina lake mwenyewe. Hata hivyo, baada ya kuja mjini na kupata kazi ya kalamu, alipita kando ya Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, asubuhi na jioni, asiingie hata siku moja. Aliijua kama mtu anavyomjua jirani ambaye hajapata kumwamkia.

Ikatokea Jumamosi moja akapita hapo pamoja na binti yake, mwanafunzi wa darasa la tano. Mtoto akatazama ndani, akauliza, “Baba, pale ni kwa nani?” Baba akajibu upesi, kama watu wazima tunavyojibu wakati mawazo yetu yako kwingine, “Ni kwa serikali.” Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe. Basi sisi haturuhusiwi.”

Maneno hayo ya mtoto ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu leo. Maana katika maneno machache yale mna kosa kubwa, na kosa hilo si la mtoto. Ni letu sisi tuliomlea. Tumemfundisha kwamba kilicho cha serikali si chake. Naye mtu asiyejua kwamba kitu ni chake hawezi kukilinda, wala hatashtuka siku atakaposikia kwamba kimechukuliwa.

Bustani tunayoinena iko katikati ya mji, kando ya Barabara ya Samora, karibu na Makumbusho ya Taifa na Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge la nchi yetu lilikuwa likikutana baada ya Uhuru. Hata barabara hiyo ilipata kuwa na jina la mti. Wajerumani waliiita kwa jina la migunga. Waingereza walipokuja wakalifuata jina hilo hilo kwa lugha yao. Sisi tulipojitawala tukalibadilisha, na leo barabara inachukua jina la Samora Machel, mpigania uhuru wa Msumbiji. Kila mwaka watoto wa shule huletwa Makumbusho kwa mabasi kujifunza habari za fuvu la mtu wa kale lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959. Ni jambo jema sana. Lakini ni wangapi kati yao ambao, wakiisha kutazama mifupa ya waliokufa zamani, huongozwa hatua chache tu kwenda kutazama mimea iliyo hai?

Tuseme kwanza bustani hii ilitokea wapi, maana historia yake si ya kupendeza yote, wala haifai kufichwa. Ilianzishwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Franz Stuhlmann, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa mambo ya kilimo katika koloni lile. Haikuwa bustani ya kupungia upepo. Ilikuwa shamba la majaribio. Mimea ililetwa kutoka pande mbalimbali za dunia, ikapandwa hapo, ikatazamwa ni ipi itakayostahimili jua letu na udongo wetu, na ni ipi itakayoleta faida katika masoko ya Ulaya. Mwaka 1902 kazi ya namna hiyo ikapata makao makubwa zaidi huko Amani, katika milima ya Usambara, ambako mpaka leo miti iliyopandwa na wataalamu wale inasimama.

Mwaka huo wa 1893 ulikuwa na mambo mengine mawili yafaayo kukumbukwa. La kwanza ni mkonge. Mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche mingi ikafa njiani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga na ya kwingineko, hata ukafika wakati nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. La pili ni ua dogo la rangi ya urujuani ambalo huota lenyewe penye miamba na vivuli vya Usambara. Mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa amepeleka mbegu zake kwao Ujerumani, na mwaka 1893 wataalamu wa huko wakaliita Saintpaulia kwa heshima yake. Leo ua hilo limo katika vyungu, madirishani, katika nyumba za watu wa Ulaya na Marekani wasiohesabika. Wao wanalimwagilia maji kila siku, na sisi wenye milima lilikotoka, walio wengi hatujapata kuliona.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa: mmea wa kigeni ulikuja ukawa mali, na mmea wa kwetu ukaenda ukawa pambo la wengine. Wananchi hawakuulizwa, si kwa uliokuja wala kwa uliokwenda. Tena kulikuwa na pamba. Mwezi Julai mwaka 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba ya mkoloni waliing'oa miche yake shambani. Kung'oa huko kulikuwa ndiko kutangaza vita, na vita vya Maji Maji vilienea kusini mwa nchi mpaka mwaka 1907, wakafa watu wengi mno kwa risasi na wengi zaidi kwa njaa. Mche wa mmea ni kitu kidogo, lakini ukipandwa kwa amri ya mtu asiyekujali, unaweza kuwa mzito kuliko jiwe.

Kwa sababu hiyo watakuwako watakaosema: Kama bustani ile ni kazi ya wakoloni, tuna haja gani ya kuihurumia? Tunawajibu kwamba Reli ya Kati nayo ilijengwa na Wajerumani, ikaanzia Dar es Salaam mwaka 1905 hata ikafika Kigoma mwaka 1914, na migongo iliyobeba mataruma yake ilikuwa migongo ya babu zetu. Hatukuing'oa reli siku tulipopata Uhuru. Tuliipanda tukasafiri. Vivyo hivyo na bustani. Waliochimba mashimo yake, waliobeba maji ya kuinywesha, waliofyeka majani yake chini ya jua kali, walikuwa watu wetu, na jasho lao halikuwa la Kijerumani. Kuiacha ipotee kwa sababu jina la mkubwa wao limeandikwa katika historia yake ni kuwanyang'anya wale mara ya pili.

Watakuwako tena watakaosema kwamba ardhi ya katikati ya mji ni ghali, na kwamba mji una haja ya maofisi, maduka na nyumba. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, na yafaa ijibiwe kwa hesabu. Mwaka 1967 watu wa Dar es Salaam walipohesabiwa hawakufika 300,000. Mwaka 2022 walipohesabiwa walikuwa 5,383,728. Maana yake ni kwamba watu wameongezeka karibu mara ishirini. Je, mahali pa mtu kukaa chini ya mti bila kuulizwa anunue nini pameongezeka mara ishirini? Kila mmoja anajua jibu. Ukuta ukijengwa leo unaweza kubomolewa ukajengwa mahali pengine mwaka ujao. Lakini mti uliosimama tangu zamani za babu, ukikatwa leo asubuhi, hakuna fedha wala fundi wa kuurudisha jioni. Jengo lina mahali pengi pa kwenda, na mti mkubwa una mahali pamoja tu.

Tena ardhi katika mji haina uadui na mtu. Hufuata macho ya watu. Mahali penye watu hapasemwi kuwa pako wazi. Mahali pasipo watu, hata pakiwa na miti mia, huandikwa katika ramani ya mtu fulani kuwa ni kiwanja. Ndiyo sababu tunasema kwamba ulinzi wa kwanza wa bustani si ua wala askari, bali ni nyayo za wananchi.

Majirani zetu wa Kenya wana fundisho katika jambo hili. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, katikati ya Nairobi. Mama mmoja, Wangari Maathai, akasimama akaupinga, akaandika barua kila mahali, akatukanwa na wakubwa, lakini mwisho jumba lile halikujengwa. Miaka kumi baadaye, mwezi Januari mwaka 1999, alikwenda na wenzake kupanda mti katika msitu wa Karura, kaskazini mwa mji ule, ambao sehemu zake zilikuwa zimekwisha gawanywa kwa watu wa majumba. Walipigwa, naye akatoka damu kichwani. Lakini msitu haukuliwa. Leo watu wa Nairobi huenda Karura kutembea na kuendesha baiskeli, wazee kwa watoto, na sidhani kama yuko mtu atakayethubutu kuuita kiwanja. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Sisi hatuombwi kupigwa wala kutoka damu. Tunaombwa kuingia tu.

Na tukiingia tutaona nini? Turudi kwa yule baba na binti yake, maana siku ile waliingia. Kelele za magari zilipungua kama mlango uliofungwa pole pole. Waliona michikichi na mitende ya jamii mbalimbali. Waliona mijakaranda, na ile mikrismasi yenye maua mekundu kama makaa ya moto, ambayo asili yake ni Bukini. Waliona mimea ya jamii ya mtapo, ambayo ilikuwako duniani kabla ua la kwanza halijachanua popote. Unga wa mtapo wazee wa pwani walijua kuutengeneza siku za njaa, baada ya kuutoa sumu yake kwa uangalifu. Mtoto aliuliza kila mti jina lake. Baba alijua matatu, la nne akakisia, la tano akanyamaza.

Hapo alikuwako mzee mmoja akifagia majani. Mtoto akamwamkia, “Shikamoo, babu.” Akaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu,” akaweka ufagio chini. Alimwongoza mti kwa mti. Huu gamba lake linachemshwa kwa tumbo. Huu kivuli chake kizuri lakini usijenge karibu nao. Huu ulitoka Bara Hindi, huu Brazili, na huu hapa ni wa kwetu kabisa, umezaliwa pwani hii. Alisema hayo bila kitabu, akigusa kila shina kwa kiganja kama mtu agusaye bega la rafiki. Baba aliyesoma alisimama nyuma akisikiliza, na aibu aliyoiona ilimfaa.

Kwa kweli katika saa moja ile mtoto alipata somo la jiografia, maana alijua mwembe ulitoka Asia, mkorosho na muhogo ukatoka Amerika, na mkwaju ni wa Afrika yetu. Alipata somo la historia, maana aliuliza ni nani aliyeileta miti hii na kwa nini. Alipata somo la uraia, maana aliona kwamba kile kilicho cha serikali ni chake, na kwamba aliingia humo kwa miguu yake wala hakuna aliyemfukuza. Masomo matatu kwa kivuli kimoja si haba.

Walakini tusidhani kwamba haja yetu inaishia katikati ya mji. Nje kidogo, upande wa kusini magharibi, iko milima ya Pugu, mahali ambapo kila Mtanzania analijua jina lake kwa sababu ya shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla hajajiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie siasa. Ufahamu wa wengi juu ya Pugu huishia kwenye shule hiyo. Lakini hapo, kuelekea Kisarawe, upo msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya msitu wa pwani ulio wa kale sana, wenye miti na wanyama ambao ni adimu mahali pengine duniani. Yumo komba mdogo sana, anayetembea usiku, ambaye wataalamu humfuata kutoka mbali wapate kumsikia tu akilia. Hii ni bustani ya mimea isiyopandwa na mtu. Stuhlmann hakuileta, wala Mwingereza hakuileta. Tuliikuta.

Na msitu huu si wa kutazamwa tu. Mto Msimbazi chanzo chake kiko katika vilima hivyo vya Pugu, nao hushuka ukapita katikati ya mji mpaka Jangwani na Daraja la Salenda. Vilima vikivaa miti, mvua hupokewa na majani, ikashuka taratibu, ikanywewa na ardhi. Vilima vikivuliwa nguo, mvua hukimbia yote mara moja, ikichukua udongo pamoja nayo. Mwezi Desemba mwaka 2011 wakazi wa bonde la Msimbazi waliona kwa macho yao maji yanavyoingia nyumbani bila hodi. Watu walipoteza maisha, na wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yana sababu nyingi, na mojawapo ni kujenga mahali pa maji. Lakini kila gunia la mkaa linalotoka kwa wizi katika msitu wa vilima vile ni mkopo, na walipaji wake ni watu wa bondeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ufa tunaoupikia chai kila asubuhi.

Sasa tufanye nini? Twaona mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni la wazazi. Siku moja ya mapumziko katika kila mwezi, badala ya kuwaacha watoto mbele ya vioo vya picha tangu asubuhi hata usiku, wachukuliwe bustanini. Chukueni mihogo ya kuchemsha na maji ya kunywa, na mrudi na maganda na chupa zenu. Mtoto apewe mti mmoja awe mti wake, kila akija aukague umebadilika nini.

La pili ni la walimu. Gari linalowaleta watoto Makumbusho lisigeuzwe kabla hawajapita bustanini. Tena mwalimu asione haya kumwomba mtunza bustani afundishe saa moja. Yako maarifa mikononi mwa watu wale ambayo hayajaandikwa mahali popote, na mwenye maarifa hayo akifa, amezikwa na kitabu.

La tatu ni la wenye dhamana ya mji na ya misitu. Tunawaomba kwamba katika bustani zetu zote, hapa na mikoani, kila mti mkubwa uwe na kibao, na katika kibao hicho jina la Kiswahili litangulie, kisha jina la kienyeji la mahali ulikotoka, kisha la kitaalamu. Pia pawe na daftari moja la miti yote, lenye namba, lililo wazi kwa kila raia anayetaka kulisoma, ili mti mmoja ukianguka ijulikane umeanguka, na ukikatwa ijulikane ni kwa amri ya nani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mali iliyo rahisi kupotea bila habari kama mti.

La nne ni letu sisi sote tunaoandika na kuhutubia. Tumezoea kuwaambia wananchi wapande miti, nao huipanda kwa nyimbo na kupigwa picha, kisha mche ukabaki peke yake na jua. Tuanze pia kuwaambia waitembelee iliyokwisha kupandwa. Kupanda ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya maisha. Na hakuna atunzaye asichokijua.

Hatudai kwamba bustani itamshibisha mwenye njaa au kumpa kazi asiye na kazi. Hayo yana mahali pake katika ukurasa huu, na tumeyasema na tutayasema tena. Lakini mtu masikini ndiye mwenye haja zaidi ya bustani ya umma kuliko tajiri, kwa maana tajiri ana bustani yake nyuma ya ukuta wake. Anayeishi chumba kimoja na watoto wanne hana mahali pengine pa kuwaonyesha ua likichanua. Bustani ya umma ikiliwa, tajiri hatapungukiwa na kivuli hata kidogo. Atakayesimama juani ni huyu wa chumba kimoja.

Basi, ndugu msomaji, utakapopita tena Barabara ya Samora, usipite. Ingia. Na mwanao akikuuliza kama yule mtoto alivyouliza, pale ni kwa nani, usimjibu kwa haraka. Mshike mkono, mpitishe mlangoni, kisha umwambie ukiwa umesimama ndani: Ni kwetu.